Mkwe wa Kwenye Fomu
Sehemu ya sita

Wasomaji walionipigia simu wiki nzima kunicheka, nawasalimu. Walionipigia kunihurumia walikuwa wawili, na mmoja wao ni mama yangu.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni ofisa manunuzi wa baraza la mji, na ni katibu wa kamati ya zabuni. Mwaka jana nilipewa onyo la mwisho, tena la maandishi, kwa sababu kazi ya kupaka rangi zahanati ilikwenda kwa mjomba wangu nami sikusema kitu. Nilijitetea kwamba mjomba ni ndugu wa mama, si wangu. Utetezi huo ulisomwa kikaoni mara mbili, mara ya pili kwa maombi ya wajumbe.

Nikapelekwa semina ya siku tatu kuhusu mgongano wa maslahi. Nilirudi nimeokoka. Tulipojadili mbwa wanaozurura, nikatangaza kwamba nina mbwa. Tulipojadili taa za barabarani, nikatangaza kwamba huwa napita barabarani. Wakaniita Bwana Natangaza.

Nikaona haitoshi. Fomu ya kamati ilikuwa inauliza, "Je, una uhusiano wa damu, ndoa au biashara na mzabuni?" Nikaichukua nyumbani, nikaongeza maneno manne kwa mkono wangu: "au unatarajia kuwa nao". Kamati ikapitisha, wakanipigia makofi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeishika fomu hiyohiyo, siku ya kuamua zabuni ya madawati mia tatu ya shule za msingi. Wazabuni ni watatu, na mmoja ni karakana ya fundi seremala anayeitwa Mzee Msumeno. Mzee Msumeno ana binti. Mji mzima unamwita Fundi Rula kwa sababu hakuna kitu asichokipima, na tangu mwezi wa nne ni mchumba wangu.

Wanaojua ni mimi, yeye na mama yangu. Baba yake hajui, maana hawapendi watu wa baraza hata kidogo. Husema mtu wa baraza ukimsalimia atakuambia uilete salamu yako kwa nakala tatu.

Rula aliniomba kitu kimoja tu. "Nipe wiki mbili, baba nitamwambia mwenyewe."

Asubuhi ile nilimpigia mara sita. Hakupokea.

Kikao kilianza saa tatu kamili, kwenye kile chumba chenye meza ndefu ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kitabu cha sheria ndogo za mji. Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado anatazama watu juu ya miwani, alitukumbusha kwamba muda wa zabuni unakwisha siku hiyo saa sita mchana. Usipopatikana uamuzi, zabuni inafutwa, na muhula ujao watoto wanafungua shule wakiwa sakafuni.

"Madawati," akasoma. "Mwenye maslahi atangaze."

Wote wakanigeukia kabla sijafungua mdomo.

"Haya, sema," akasema mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mjumbe mwenzetu. "Uliwahi kukalia dawati?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimelowa jasho hadi soksi. Nikinyamaza na baadaye mambo yakafumuka, nafukuzwa, na ile nyumba ya baraza ninayokaa na mama inakwenda kwa mtu mwingine. Nikisema, nimemvunjia Rula ahadi. Niliogopa vyote viwili, lakini kilichonisukuma mwisho ni zile siku tatu za semina. Nilikuwa nimeamini kweli.

"Mama Mwenyekiti, natangaza maslahi na mzabuni wa pili."

"Maslahi gani?"

"Yale ya kutarajia."

"Unatarajia nini?"

"Mkwe."

Kicheko kikakatika.

"Msumeno?" akauliza Bwana Vidonge, mjumbe mwenye duka la dawa. "Msumeno huyu huyu mwenye binti mmoja?"

"Huyo huyo."

"Mwenyewe anajua?"

"Bado."

Mama Mwenyekiti akavua miwani kabisa. "Yaani umeliambia baraza kabla ya kumwambia baba mkwe?"

"Kanuni zinasema baraza kwanza, mama."

Mwanasheria wa baraza, kijana ambaye tangu aajiriwe sijamwona akicheka, akainua kidole. "Yuko sahihi. Atoke nje."

Nikakusanya makaratasi yangu. Kabla sijafika mlangoni, Bwana Vidonge naye akasimama.

"Na mimi natangaza. Kinyongo. Mzee Msumeno aliniuzia kitanda. Kinalia."

"Kinalia vipi?" akauliza mwalimu mkuu.

"Hata nikikitazama tu kinalia."

Mwanasheria akafikiri kidogo. "Kinyongo nacho ni maslahi. Atoke."

Tukatoka wawili. Na kwenye benchi la korido, katika shati lake jeupe la siku kubwa, alikuwa amekaa Mzee Msumeno. Wazabuni wanaruhusiwa kuja kusikiliza matokeo. Wale wengine wawili walituma watu. Yeye hakutuma mtu kwa sababu hakumwamini mtu.

Nilitaka kurudi ndani. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Nikakaa mwisho wa benchi, Bwana Vidonge akakaa katikati. Yule mzee akajikohoza.

"Vipi, mambo yanakwendaje huko?"

"Yanakwenda," nikasema.

"Hongera lakini, mzee," akasema Bwana Vidonge. "Nasikia umepata mkwe."

Namjua Bwana Vidonge miaka tisa. Siri ya mgonjwa hatoi hata umpige. Siri nyingine zote anazitoa bila agizo la daktari.

"Mkwe gani?" Mzee Msumeno akauliza.

Bwana Vidonge akanyoosha kidole gumba upande wangu, bila hata kugeuka.

Mzee akainama mbele kunitazama vizuri. Nikasimama, maana nilifundishwa kwamba na mkwe huzungumzi umekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako niliijibu mwezi wa tano," akasema. "Si ndiye wewe uliyekuja karakana na daftari, ukauliza dawati zuri la mtoto liweje?"

"Ndiye mimi."

"Nikakupa kiti."

"Ulinipa, mzee."

"Nikakupa chai!"

"Vikombe viwili."

"Kumbe ulikuwa hupimi madawati!"

Hapo nikafanya kosa ambalo hadi leo mama ananikumbusha. Nilitaka kumtuliza. Nilitaka ajue kwamba binti yake nilimheshimu kwa kazi yake kwanza, kabla ya mengine. Nikamwambia yote: kwamba Rula ndiye aliyenieleza watoto wanavyochanika magoti kwenye pembe kali za madawati, akanionyesha kwenye daftari lake pembe ya mviringo anayoikata yeye, nami nikavinakili vipimo vile kama vilivyo, nikavitia kwenye vigezo vya zabuni.

Bwana Vidonge hakungoja zaidi. Alisimama, akafungua mlango wa kikao, akaingiza kichwa.

"Mama Mwenyekiti, mimi sishiriki, nimejitoa. Lakini natangaza nilichokisikia koridoni."

Tuliitwa ndani wote, kwa mkupuo mmoja.

"Katibu," akasema Mama Mwenyekiti, "vigezo vya zabuni hii uliviandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kutoka daftari la nani?"

Nikataja. Mhandisi wa baraza akashika kichwa, kisha akakiachia. "Lakini ni vigezo vizuri," akasema. "Nilivipitia mwenyewe. Pembe zile ni nzuri. Na mashine ya kuzikata, wazabuni wote watatu wanayo."

Mwanasheria akafunua kanuni, akalamba kidole, akafunua tena. Alikuwa anafurahi kwa namna yake.

"Vigezo havina ubaya. Ubaya ni uhusiano. Kama aliyeviandika ni mtumishi wa baraza, na anatarajia kuwa mkwe wa mzabuni, mzabuni huyo anaondolewa. Kama uhusiano haupo, hakuna kesi, na kwa alama yeye ndiye anayeongoza, tena ni yeye peke yake aliyefikisha alama za kupewa kazi."

Basi yote yakawa juu ya mzee mmoja mwenye shati jeupe.

"Mzee," Mama Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "huyu bwana ni mkwe wako?"

Karakana ile ina mafundi tisa. Miaka minne Mzee Msumeno ameomba kazi ya baraza, na miaka minne amerudishiwa bahasha. Nilimwona akinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, taratibu, kama anayetafuta ufa kwenye ubao.

"Simjui," akasema.

"Umetoka kumtambua koridoni," akanong'ona Bwana Vidonge.

"Namjua kwa chai. Kwa ukwe simjui. Na binti yangu haolewi na mtu wa baraza."

Iliniuma. Nasema wazi, niliumia kama mtoto aliyenyimwa kuingia kwenye mchezo.

"Basi tuandikishiane," akasema mwanasheria. "Hati ya ahadi: uhusiano haupo na hautakuwepo kwa muda wote wa mkataba, pamoja na muda wa dhamana ya bidhaa."

"Dhamana ni muda gani?" akauliza mwalimu mkuu.

Mhandisi akapekua. "Wengine wameandika mwaka mmoja mmoja. Msumeno ameandika kumi."

"Madawati yangu hayavunjiki," akasema Mzee Msumeno, na kifua kikamtoka mbele.

Mama Mwenyekiti akanigeukia. "Una umri gani, Katibu?"

"Thelathini na nane."

Akahesabu kimyakimya, akatikisa kichwa. Miaka kumi nisioe, kwa sababu mchumba wangu anatengeneza dawati zuri mno.

Sasa hati iandikwe na nani? Mhandisi aliyekuwa anashika muhtasari badala yangu alijaribu kompyuta, ikamkataa. Mwalimu mkuu alijaribu printa, ikala karatasi mbili na kuanza kulia. Ile printa ina mahali pa kuipiga, na panajulikana na mimi tu.

"Njoo uandike wewe," akasema Mama Mwenyekiti. "Usishauri. Usikohoe. Andika tu."

Nikaandika. "Mimi, mkurugenzi wa karakana tajwa, naahidi kwamba sina uhusiano wa ndoa na ofisa manunuzi, na sitakuwa nao." Nikapiga printa mahali pake, ikatoa. Nikaiweka mbele ya mzee pamoja na kalamu.

Hakuishika. "Mimi si mkurugenzi."

"Nani mkurugenzi?"

"Binti yangu. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, nikaandikisha karakana kwa jina lake."

Mwanasheria akafunga macho kwa raha.

Aliitwa. Ilikuwa saa tano na nusu. Alikuja na ovaroli, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, penseli sikioni, rula mfukoni. Alimwamkia kila mkubwa kwa zamu. Alipofika kwangu akaniruka, akakaa.

Wakamweleza. Hakumkatiza mtu. Kisha akaisoma ile hati, mstari kwa mstari, kidole kikifuata.

"Nani ameandika hii?"

Kila mtu akaangalia meza.

"Mimi," nikasema.

"Imekaa vizuri. Haina kosa hata moja."

Afadhali angenitukana.

"Nilikupigia mara sita," nikasema.

"Nilikuwa kwenye mashine ya randa tangu alfajiri. Nikitengeneza sampuli yenu." Akainua macho. "Nilikuomba wiki mbili tu."

"Kikao kilikuwa leo, Rula. Ningenyamaza, ningekuwa nimedanganya mbele ya watu wote hawa."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika vibaya. Ungekuwa umedanganya, ningejua la kufanya."

"Binti yangu," akasema Mzee Msumeno, sauti ikiwa imeshuka, "kwani huyu unampenda?"

"Baba, hapa tuko kazini."

Lakini hakukataa. Nilisikia vizuri kabisa kwamba hakukataa.

Rula akaomba kile kitabu cha kanuni. Akasoma ukurasa uliofunuliwa, akapima kitu kwa kidole, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa 'mtumishi wa baraza'."

"Ndiyo," akasema mwanasheria.

"Akiwa si mtumishi tena?"

Mwanasheria akachukua kitabu, akakisoma yeye, akakigeuza na kutazama jalada, pengine kuona ni toleo gani. "Akijiuzulu kabla kamati haijaamua, kanuni hii haimgusi."

"Hilo ni tundu!" akasema Mama Mwenyekiti.

"Ni tundu, mama. Lakini sikulitoboa mimi."

Rula akaomba karatasi nyeupe. Akaandika kwa penseli yake ya useremala, mistari mitatu, akachora mstari wa saini kwa rula. Kisha akazipanga karatasi mbili mezani mbele yetu, pembe kwa pembe.

"Ya kulia ni barua yako ya kujiuzulu," akaniambia. "Ya kushoto ni hati yangu. Ukisaini yako, yangu naichana. Usiposaini, nasaini mimi, na madawati yanatengenezwa. Mimi watoto siwezi kuwakalisha chini kwa ajili ya mwanamume, na mafundi tisa siwezi kuwaambia warudi nyumbani. Hata kama mwanamume mwenyewe ni wewe."

Miaka kumi na minne ya kazi. Nyumba ya baraza, na mama ambaye asubuhi ile alikuwa ameitia kola yangu wanga ili nionekane mtu wa maana. Nikachukua kalamu.

"Subiri kwanza!" Mzee Msumeno akasimama. "Akijiuzulu atakuwa hana kazi."

"Ndiyo, mzee," akasema mwanasheria.

"Basi simtaki. Mtu wa baraza nilikuwa simtaki kwa chuki tu. Mtu asiye na kazi simtaki kwa akili timamu!"

"Baba, hujaulizwa."

"Nisiulizwe mimi? Nani mwingine ataulizwa?"

"Ungemchukua karakana," akasema Bwana Vidonge, "akakaze vitanda."

"Kitanda chako kinalia kwa sababu umekiweka kwenye sakafu iliyoinama!"

"Kimya!" Mama Mwenyekiti akagonga meza, na meza ikayumba juu ya sheria ndogo. Tukawa darasa la kwanza. Akatazama saa ya ukutani. "Imebaki dakika sita. Katibu, saini au weka kalamu chini."

Nilimtazama Rula, nikitafuta usoni mwake dalili yoyote. Hakunipa. Alikuwa ametia mikono mifukoni, anangoja kama fundi anayengoja gundi ishike.

Nikainamia karatasi ya kulia. Nikaandika jina langu la kwanza. Lilitoka vizuri. Nikanyanyua mkono kuandika la pili, nikaona sebule yetu, mama amekaa kwenye kochi lake, na kijana fulani wa baraza mlangoni anaomba funguo. Mkono ukabaki hewani.

"Nusu saini si saini," akasema mwanasheria.

"Najua."

"Dakika nne," akasema Mama Mwenyekiti.

"Naandika, mama."

"Huandiki," akasema Rula.

Hakusema kwa hasira. Aliitoa penseli sikioni, akaona haifai kwa hati, akanyoosha mkono na kunitwaa kalamu vidoleni, polepole, bila kunigusa. Akaivuta karatasi ya kushoto, akainyoosha kwa kiganja.

Mchumba wangu ana majina matatu, na kwenye hati huyaandika yote. Wakati napata sauti ya kumwita, alikuwa ameshamaliza mawili.